Gari linatetemeka likisimama kwenye D, nikiweka N linatulia. Plagi na koili nimeshabadilisha

dereva_wa_jumapili

Wakuu, habari za humu. Nina gari dogo la petroli, silinda 4, 1500 cc, gia otomatiki. Lina shida moja tu lakini inanichosha akili. Mwendoni linakwenda laini kabisa, hata kwenye kasi ya 100 sisikii kitu. Nikisimama kwenye foleni, gia ikiwa D (ya kwenda mbele) na mguu uko kwenye breki, mtetemo unaanza. Unaingia kwenye usukani, unapanda kwenye kiti, na kioo cha kuangalizia nyuma kinacheza mpaka gari la nyuma yangu naliona mawili. Nikisogeza gia kwenda N (gia huru), unapungua karibu wote. Nikirudisha D, umerudi. Nikiwasha AC ndiyo balaa.

Mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) hauchezi. Kwenye N unakaa kama 750, kwenye D unashuka kama 650 na kutulia hapo. Taa ya injini haijawahi kuwaka. Ulaji wa mafuta ni ule ule. Asubuhi linawaka mara moja, na cha ajabu ni kwamba likiwa baridi halitetemeki. Linaanza vituko vyake likishapata moto.

Fundi alisema plagi, tukabadilisha zote nne, hali ile ile. Akasema koili zinazopeleka umeme kwenye plagi, tukabadilisha, hali ile ile. Throto bodi (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) imesafishwa. Sasa anataka tushushe nozeli zinazonyunyiza mafuta tukazioshe, na zisiposaidia tufungue hedi, yaani kichwa cha injini, tuangalie vali. Hapo nikamwambia ngoja kwanza. Mwenye kujua anisaidie kabla injini haijafunguliwa bure.

pistoni_kavu

Hiyo inamisi mkuu, kuna silinda inaruka bila kuchoma mafuta. Hakikisha hizo koili ulizofungiwa ni orijino, maana feki zimejaa, unaweka mpya inakuwa mbovu kuliko iliyotoka. Rudisha zile za zamani halafu sikiliza tofauti. Nozeli nazo kaoshe tu, hazina hasara.

mama_spana

Mwanangu, hedi usiifungue. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaouliza humu, na jibu limo kwenye maelezo yako mwenyewe.

Mitetemo ya gari lililosimama iko ya aina mbili, na ukizichanganya utanunua vifaa mpaka mfuko utoboke. Aina ya kwanza, injini yenyewe inachoma mafuta vibaya: silinda moja ni dhaifu, au hewa imezidi, au cheche ni hafifu. Aina ya pili, injini inachoma sawasawa, ila ule mtetemo wake wa kawaida, ambao kila injini inao, unapenya mpaka kwenye bodi kwa sababu kilichowekwa kuuzuia kimekufa. Ya kwanza inatibiwa kwa plagi, koili, nozeli na wenzake. Ya pili hata ukibadilisha plagi kila wiki haitakuelewa.

Utazitofautishaje? Kwa mkono kwanza, mashine baadaye. Injini yako ya silinda 4 inalipua mafuta mara mbili kwa kila mzunguko wa krenki, ile shafti kuu ya injini. Ikiwa 750 RPM, hiyo ni mizunguko 12.5 kwa sekunde, kwa hiyo milipuko 25 kwa sekunde. Ukishika usukani unapata mtetemo wa haraka, ulioshonana, karibu uwe mlio. Sasa silinda moja ikigoma, lile pengo linajirudia mara moja kila mizunguko miwili, yaani kama mara 6 kwa sekunde. Hapo gari linachechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja: unasikia pigo, pigo, pigo, kiasi kwamba unaweza karibu kulihesabu. Ukienda nyuma na kusikiliza bomba la egzosi, pumzi nayo inakatika kwa mdundo huo huo. Wewe unasema kioo kinacheza mpaka gari moja unaliona mawili, mshale umetulia na nguvu mwendoni ipo. Huo ni mtetemo wa haraka. Silinda haijafa.

Tuje kwenye D na N. Ukiingiza D huku umekanyaga breki, tobo konveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi) inajaribu kuzungusha gia boksi na magurudumu yamezuiwa. Injini inabeba mzigo na inajipinda upande mmoja, na uzito wa kujipinda huko unaangukia kwenye maunti, yaani vile vishikio vya mpira vinavyobeba injini. Mpira wa maunti ukiwa mzima unaumeza. Ukiwa umelala au umechanika, chuma kinakaa juu ya chuma na kila mlipuko unaingia kwenye bodi. Juu ya hapo RPM imeshuka 650, milipuko imekuwa kama 22 kwa sekunde, na huko chini ndiko usukani na viti hupenda kuitikia. AC inaongeza mzigo, ndiyo maana inazidisha. Na hilo la asubuhi linaeleweka pia: injini ikiwa baridi kompyuta huipandisha sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, mara nyingi hupita 1000, mpaka ipate moto. Kwenye mizunguko hiyo bodi haiitikii. Ingekuwa plagi au nozeli, mara nyingi baridi ndiyo ingeiumbua zaidi.

Taa nayo ni shahidi. Injini ikimisi kwa nguvu ya kutikisa kioo, mara nyingi kompyuta huona krenki inapunguza kasi kwa kushtukiza na kuandika msimbo wa hitilafu P0300, au P0301 mpaka P0304 kulingana na silinda. Si lazima kila mara, lakini wewe huna dalili hata moja ya upande huo.

Kwa hiyo angalia maunti. Fungua boneti, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye matairi, mtu wa ndani akanyage breki kwa nguvu zote. Wewe simama ubavuni, usisimame mbele wala nyuma ya gari hata kwa sekunde moja. Aingize D, atulie, apeleke R (ya kurudi nyuma), atulie, arudie. Injini kuinama kidogo ni kawaida. Ikiruka, au ukasikia inagonga, umeshapata. Kisha zima, chukua tochi, mulika maunti ya upande wa cheni ya taiming. Kwenye magari mengi ile ina kimiminika ndani, na ikipasuka inaacha doa jeusi linalotiririka chini yake. Wengi hudhani ni oili ya injini, wanaenda kubadilisha gasketi. Usisahau ile ya chini kabisa inayozuia injini isijizungushe, mpira wake huchanika katikati na huwezi kuona mpaka uingie uvunguni.

Na kuhusu koili zako za zamani, kama bado unazo zihifadhi. Kwa ninavyoona zilikuwa nzima. Njia ya kujua koili mbovu haihitaji kununua kitu: kompyuta ikiandika P0302, hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, futa msimbo, endesha. Ukirudi P0303, mwizi ni koili. Ukibaki P0302, koili haina kosa, geukia plagi au nozeli ya silinda hiyo.

kibega

Mama heshima yako, nakusoma kila siku. Ila hapa mimi ningeanza na hewa inayovuja. Jamaa anasema inatetemeka akikanyaga breki, si ndiyo? Hosi ya busta, ile inayosaidia mguu kukanyaga breki, inatoka kwenye manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwa silinda. Ikipasuka, kila ukikanyaga hewa inaingia, mchanganyiko unaharibika, injini inatikisika. Mimi nachukua petroli kwenye chupa, nanyunyiza kwenye mahosi injini ikiwa inaunguruma, RPM ikibadilika pale pale ndipo panapovuja. Dakika tano kazi imeisha.

mama_spana

Kibega, wazo la busta ni zuri na nilipaswa kulisemea. Petroli kwenye chupa juu ya egzosi yenye moto, hapana. Nimewahi kuona boneti iliyobaki na rangi upande mmoja tu. Tumia maji ya sabuni kwenye chupa ya kunyunyizia, au karakana yenye mashine ya moshi, inaonyesha tundu dogo kuliko hata utakavyoweza kusikia kwa sikio.

Na wala hahitaji kunyunyiza chochote kujua kama ni busta. Mwanangu, weka N, sailensi, kanyaga breki uishikilie. Mshale ukihama na kubaki umehama, au ukasikia hewa inazomea karibu na miguu yako, ni busta au hosi yake. Ukitulia, basi breki haina hatia, kosa ni D.

Kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na hewa inayovuja kweli: ukiwa na kifaa cha kusoma kompyuta, angalia asilimia ya marekebisho ya mafuta. Gari lenye sensa ya kupima hewa inayoingia, hosi ikivuja baada ya hiyo sensa, kompyuta itakuwa inaongeza mafuta mengi kwenye sailensi, tuseme zaidi ya asilimia 15, na ukipiga resi mpaka 2500 inashuka kuelekea sifuri. Sababu ni kwamba tundu ni lile lile lakini injini sasa inavuta hewa nyingi, kwa hiyo tundu linakuwa dogo kwenye hesabu. Ikiwa kinyume, sailensi ni sawa na mwendoni ndiyo inaongeza, fikiria sensa yenyewe imechafuka au pampu ya mafuta imechoka. Lakini magari yanayopima mgandamizo ndani ya manifoldi badala ya hewa yenyewe hayaonyeshi hivyo. Yale hosi ikivuja sailensi inapanda juu, asilimia inabaki karibu na kawaida, na fundi anabaki anakuna kichwa.

Vali ya kurudisha mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi nayo ina vituko vyake. Ikikwama wazi, gari linatetemeka kwenye sailensi na linakuwa gumu kuwaka, hasa ukitoka kujaza mafuta. Vali ya kurudisha moshi wa egzosi ikikwama wazi, gari linatikisika likisimama na linakuwa zuri ukikanyaga mafuta. Hizo mbili watu huzisahau kabisa, wanakimbilia nozeli.

dereva_wa_jumapili

Mama, shikamoo, na asante sana. Nimefanya ulivyosema.

Kwenye N nimekanyaga breki na kushikilia, mshale haukuhama. Kibega samahani, busta haina kosa.

Kisha tukafanya lile la D na R. Kwenda D injini iliinama kidogo. Kwenda R iliruka, nikasikia "ko" ya chuma, mpaka aliyekuwa ndani akauliza nimegonga nini. Maunti ya upande wa taiming ina doa jeusi lililokauka kuanzia katikati mpaka kwenye fremu. Fundi alikuwa ameliona siku nyingi akasema ni oili ya kawaida ya injini ya zamani.

Tumebadilisha hiyo moja. Usukani umetulia, kioo kimetulia. Tatizo ni kwamba sasa kuna mtetemo mwingine, mdogo, uko chini ya kiti na miguuni, na huu upo hata kwenye N, ambako zamani kulikuwa kimya. Una sauti ya kuvuma kwa ndani, kama "mmmm". Nikifika 1000 unaondoka. Fundi anasema ndiyo maunti mpya inavyokuwa, itajilaza yenyewe. Kweli?

mama_spana

Marahaba. Kujilaza kupo, lakini ni kudogo, na hakuleti uvumi. Mtetemo uliohama mahali baada ya kazi maana yake kazi yenyewe imeacha kitu kimebana.

Niambie ilivyofungwa. Mara nyingi huwa hivi: injini inainuliwa kwa jeki, maunti mbovu inatoka, mpya inaingia, boliti zinakazwa mpaka mwisho injini ikiwa bado iko juu ya jeki. Halafu jeki inashushwa. Sasa injini imekaa mahali papya, maana ile maunti ya zamani ilikuwa imelala na nyingine zote zilikuwa zimeshazoea ulalo huo. Ile ya chini na ya gia boksi zimevutwa upande na mpira wake umesokoteka. Mpira uliosokoteka haumezi kitu.

Tiba yake haina kifaa cha kununua. Gari likiwa kwenye usawa na matairi yamezuiwa, legeza boliti za maunti ya chini na ya gia boksi, usizitoe, zilegeze tu mpaka mpira uwe huru. Washa injini, iache N, usiguse D kabisa boliti zikiwa zimelegea. Iache itikisike yenyewe mpaka itafute mahali pake. Zima, kaza kwa nguvu ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo, kwa spana ya kupimia.

Mkiwa uvunguni, fuateni bomba la egzosi kuanzia mbele mpaka nyuma. Injini ikipanda, bomba nalo linapanda. Likigusa mwili wa gari au bati la kukinga joto mahali pamoja tu, utapata huo uvumi wako. Kagua raba za kuning'iniza egzosi, na tafuta pale ambapo bati limeng'aa, ndipo panaposuguana. Fanya egzosi ikiwa imepoa.

Na mpira wa maunti mpya ni wa aina gani? Zipo zinazouzwa ngumu sana, au zile za plastiki ngumu za magari ya mashindano. Zinadumu, lakini gari la kawaida zinaligeuza ngoma. Kama ya zamani ilikuwa ya kimiminika na hii ni mpira mtupu, hapo hata ukaze vipi hutarudi ulikokuwa.

pistoni_kavu

Mama mimi nilikuwa nadhani maunti ikifa lazima gari igonge ukiwa unaondoka. Kumbe hata kimya kimya?

mama_spana

Ile ya mpira mtupu ikikatika inagonga. Ya kimiminika hupoteza maji yake kwanza, na katika kipindi hicho inatetemesha tu. Kugonga kunakuja baadaye, mpira ukishachoka.

kibega

Nimekubali yaishe. Ila swali: akibadilisha zote na bado inatetemeka kwenye D? Maana nimeona hiyo pia.

mama_spana

Basi namtazama aliyeko kwenye mkanda. Fungua mkanda wa nje, washa gari muda mfupi tu, kwa sababu kwenye injini nyingi ndio unaozungusha pampu ya maji, na oltaneta nayo haitachaji. Mtetemo ukitoweka, mwenye kosa ni oltaneta, kompresa ya AC au puli. Ukibaki pale pale, angalia sailensi yenyewe. Kuna magari yaliyosafishwa throto bodi au kutolewa betri, kompyuta ikapoteza kumbukumbu ya sailensi, ikawa inakaa 550 kwenye D badala ya 650. Maunti hata iwe ya dhahabu, huko chini itatetemeka. Inafundishwa upya kwa utaratibu wa gari hilo, au kwa mashine. Hapo pia nisisahau: anayesafisha throto bodi asisukume kile kibati kwa kidole swichi ikiwa imewashwa, meno ya mota yake ni ya plastiki kwenye nyingi.

Kupima kompresheni ni hatua ya mwisho, siyo ya kwanza. Ukipima, usiitazame namba moja peke yake, linganisha silinda zote nne. Ikiwa moja iko chini kwa zaidi ya asilimia 15 ya wenzake, hapo ndipo tuzungumze habari ya vali. Na hata hapo, mimina oili kidogo kwenye silinda hiyo upime tena. Ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni vali au gasketi. Mtu anayetaka kukufungulia hedi bila kufanya hilo anabahatisha kwa mali yako.

dereva_wa_jumapili

Majibu. Boliti za chini zilipolegezwa, ile maunti ilirudi yenyewe kwa sentimita nzima hivi, fundi mwenyewe akashtuka. Imekazwa upya. Egzosi nayo ilikuwa imeegemea bati la kukinga joto, pale pameng'aa kama ulivyosema, raba moja ilikuwa imenyooka kabisa. Tumeweka raba mpya na kulisogeza bati.

Kwenye N kimya. Kwenye D kuna kitu kidogo sana nikiwasha AC, lakini kikombe cha maji juu ya dashibodi hakitoi mawimbi. Nakubali.

mama_spana

Hicho kidogo kiache. Feni ya AC inapowaka na kompresa inaposhika, injini ya 1500 lazima isikike. Ila baada ya kuendesha kidogo rudi ukague boliti za maunti mpya kama hazijalegea.

pistoni_kavu

Nami nachomekea. Yangu ni ya silinda 3, nimeichukua ikiwa mpya, inatetemeka kwenye sailensi tangu siku ya kwanza. Maunti nazo?

mama_spana

Silinda 3 ni watu wengine. Kwenye 750 RPM inalipua kama mara 19 kwa sekunde badala ya 25, na pistoni zake zinavyopanda na kushuka zinaiyumbisha injini kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Baadhi ya watengenezaji huweka shafti ya kusawazisha, wengine huiachia maunti kazi yote. Tafuta gari jingine la aina hiyo hiyo, kaa ndani, weka D, washa AC, shika usukani. Likitetemeka sawa na lako, ndivyo lilivyozaliwa. Lako likizidi, lirudishe kwa waliokuuzia wakati dhamana bado ipo, na uwaambie waanze na lile jaribio la D na R kabla hawajagusa plagi.